Kisanduku cha Shilingi 3,800 na Kangaja Tunayemwita OCS

Kabla hujaniuliza: ndiyo, nimelipa shilingi 3,800 kwa kisanduku cha plastiki. Kitupu. Hakina pampu, hakina taa, hakina hata waya. Mke wangu alisoma risiti, akaniangalia, akarudi jikoni bila kusema neno, na nyinyi mlioolewa na mliooa mnajua hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Haya, karibuni wadau. Kwa wageni, mimi ndiye yule wa Kisumu anayefuga samaki wa bahari zaidi ya kilomita 800 za barabara kutoka baharini. Tangi mnalijua: mita mbili, lita 840, sirudii. Na wiki hii tena kuna mtu ameniuliza kwa nini nisichote maji ziwani, yako hapo chini bure. Ndugu yangu, Ziwa Victoria halina chumvi. Hawa wanataka gramu 35 kwa kila lita. Piga hesabu, ni karibu kilo 30 kujaza tangi hili mara ya kwanza, na si ile ya kutia kwenye sukuma wiki. Tumalize hapo.

Sasa kisanduku. Nikiinue hivi muone. Plastiki angavu kama glasi, urefu wa rula ya shule, matundu pande zote, na sumaku mbili za kukishikilia ndani ya tangi. Kazi yake ni moja: samaki mgeni anakaa humu, wenyeji wanamwona, wanamnusa, lakini hawamfikii. Kwa nini nikihitaji? Kwa sababu ya huyu hapa.

Sogea kamera. Huyo. Buluu ya anga, uso mweusi, pezi la juu la njano. Ni kangaja wa Bahari ya Hindi, huku pwani yetu yupo, na sijaona samaki mrembo kumshinda. Nyumbani tunamwita OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa sababu amejitangazia kituo. Anazunguka tangi zima akikagua. Ukimletea samaki wa umbo kama lake, anakula mwani kama yeye, basi kwake huyo ni mwizi. Mgeni njoo mwenyeji apone? Hapa mgeni akija, mwenyeji ananoa kisu.

Na sisemi kwa mafumbo. Nitasimamisha picha hapa. Mnaona pale mkia unapoanzia, kuna kitu kama mwiba mweupe umelala ndani ya ngozi? Hicho ni kisu, kimoja kila upande. Akikasirika anakitoa, anapinda mwili, anampitia mwenzake ubavuni. Mwaka jana nilimwongezea kangaja mwingine bila kisanduku, nikijiambia lita 840 ni nyingi, watagawana. Asubuhi yake nilimkuta mgeni amejibanza nyuma ya pampu, mapezi yamechanika kama bendera ya zamani. Hakumaliza wiki. Na alikuwa amesafiri kutoka Mombasa kwa basi usiku kucha, kwenye mfuko wa oksijeni, mimi nikimlipia kiti kama abiria.

Kosa lilikuwa langu, na ni la mpangilio. Unaanza na wapole, wababe wanaingia mwisho. Mimi nilimtia OCS wa tatu kwa sababu nilimpenda. Samaki klauni wangu wawili walikuwa wametangulia, hao hawana shida, wana kona yao na wameizoea. Wengine ni anthiasi, samaki wadogo wa kuishi kundi. Jamani, anthiasi! Nilianza na dume mmoja na majike watano. Dume alipokufa nikaanza kutafuta mwingine Mombasa, kumbe hakuna haja: jike mkubwa kuliko wote akaanza kugeuka rangi, akaota uzi mrefu kwenye pezi la mgongo, sasa ndiye bwana wa nyumba. Ila ujiandae kuwalisha kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Ukienda shughuli Kakamega ukarudi kesho yake, watakuwa wamekonda.

Nimetoka nje ya barabara. Kisanduku.

Siku ya kwanza, hii hapa video, nilimtia mgeni humu: kangaja mwenye mapezi mapana kama tanga la jahazi, umbo tofauti na OCS makusudi, maana wa umbo na rangi moja ndio wanaochinjana zaidi. Tazameni OCS alivyofika. Sekunde ngapi hizo? Nne. Anakuja ubavu, rangi imekolea, mkia unapiga plastiki. Sikilizeni. Tak. Tak. Tak. Hiyo ni kisu kwenye kisanduku. Alipiga hivyo mpaka nilipozima taa.

Siku ya pili vilevile, ila anachoka haraka.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kuipenda hii plastiki. Nilichukua kipande cha mwani mkavu, nikakibana kwa nje ya kisanduku, kingine kwa ndani, mahali pamoja. OCS ana njaa, mgeni ana njaa. Angalieni. OCS anafika, anapiga mara moja, tak, halafu anaona mwani. Anang'ata. Mgeni naye anang'ata upande wake. Midomo yao imekaribiana, katikati kuna plastiki ya milimita tatu. Wanakula! Nilikaa kwenye stuli hii dakika arobaini, chai ikapoa, niliona ni kama upatanisho wa koo mbili.

Siku ya tano usiku, taa zimezimwa, nikafungua kifuniko. Kabla ya hapo nilihamisha mawe mawili makubwa upande wa kushoto, yale aliyokuwa akiyalinda OCS. Mipaka ikibadilika, naye anajiona mgeni, ana kazi ya kuijua nyumba upya.

Sasa nilalamike kidogo. Muuzaji aliniambia sumaku inashika kioo chochote. Kioo changu ni milimita 15. Usiku wa pili, saa tisa, nasikia kishindo sebuleni, kisanduku kimeteleza hadi kwenye matumbawe, kimevunja tawi moja la urefu wa kidole. Kwenye boksi, kwa maandishi madogo kama ya dawa, imeandikwa mwisho milimita 12. Nikaifunga kwa kamba ya nailoni, ile ya kufungia nyavu, mita kumi nilinunua ufuoni Dunga. Haijateleza tena.

Na kifuniko! Hiki kitundu cha kulishia ni kipana, vidole viwili vinapita. Kangaja hapiti, lakini samaki-moto je? Yule mwembamba, kichwa cheupe mkia mwekundu? Huyo akishtuka anaruka. Wangu aliruka kutoka kwenye tangi lenyewe, paka wa jirani ndiye aliyemwona kwanza. Ukinunua, weka wavu juu.

Mtaniuliza kama kuna cha bei nafuu. Kipo. Sokoni Kibuye kuna makopo ya plastiki angavu, fundi akakutobolea matundu kwa drili, ukapata kitu kwa mia nne, mia tano. Nilianza video hii nikitaka kuwaambia mnunue hicho, mwachane na hiki. Lakini nililijaribu mwezi uliopita na plastiki yake ina ukungu, OCS hakumwona mgeni vizuri, na kuonana ndiyo dawa. Kwa hiyo sijui, labda 3,800 si wizi sana. Ni ghali. Lakini si wizi. Kuna pia ujanja wa kioo cha kunyolea: unakiegemeza nje ya tangi, mbabe anapigana na sura yake mchana kutwa, mgeni anapumua. Shilingi mia. Unafanya kazi kwa wengine, OCS alikichoka kwa saa moja.

Yule ndugu wa chaneli ya Nairobi aliyesema tangi la mita moja na robo linamtosha kangaja huyu, mimi sikubaliani, na nimemwambia. Samaki huyu anaogelea siku nzima. Halafu ndiye wa kwanza kupata madoa meupe akisumbuliwa, na dawa ya shaba inayotibu madoa inaua kamba na matumbawe, kwa hiyo lazima umtibu kwenye tangi lingine. Mgeni wangu alikaa karantini wiki nne kabla hajakiona kisanduku hiki. Na ukiambiwa na mtu eti kikande anakaa na konokono bila kumla, au kitatange yeyote ni salama kwa matumbawe, mwombe akuoneshe tangi lake kwanza.

Habari za chaneli: video zinahamia Alhamisi, kwa sababu Jumanne stima huku mtaani imekuwa ya kubahatisha, na pampu za betri zinanihitaji kuliko nyinyi. Na dani yangu, yaani nyanya, amekuja kutoka Ahero. Alikaa mbele ya tangi kimya kirefu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa mnakaanga ama mnachemsha?" Nikamwambia hawaliwi. Akasema basi mtu mzima ananunuliaje chakula cha samaki asiyemla. Sikuwa na jibu, nikampelekea chai.

Ngoja. Ngoja, usizime. Anamfuata. Mnaona, pale juu ya jiwe la kushoto, OCS yuko nyuma yake, mkia umepinda... amegeuka. Amekwenda zake. Mgeni anakula mwani.

Nazima taa ya kamera, wamemulikwa vya kutosha leo.