Difu ipi ununue kabla ya masika

Ukiingia yadi kutafuta foo wili, dalali atakwambia kila gari ina "difu kali". Difu, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kati ya tairi la kulia na la kushoto, zipo kwenye zote. Uliza ni ya aina gani. Ya kawaida hupeleka nguvu penye wepesi, ndiyo maana tairi moja likizama topeni linazunguka bure na mwenzake ametulia kama halimhusu.

Nafasi ya kwanza naipa loki ya umeme ya kiwandani, ile ya kitufe kwenye baadhi ya Prado na Hilux. Mota ndogo inafunga difu, tairi zote mbili za nyuma zinasukuma pamoja. Kwenye udongo mweusi wa Shinyanga hilo ndilo unalotaka. Ijaribu kwenye vumbi, si lami: taa ya loki kwenye dashibodi ikizidi kumwekamweka hata baada ya kusogea mita chache, huenda mota imeganda kwa kukaa miaka bila kazi.

Ya pili ni LSD ya elektroniki, yaani difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure sana. Baadhi ya Discovery 3 na 4 wanayo nyuma, na Jeep Grand Cherokee za kuanzia 2005 zenye mfumo wa foo wili uitwao Quadra-Drive II. Ndani mna pleti za klachi. Kompyuta inasoma mwendo wa kila tairi, inazibana au kuziachia, hata ukiwa kasi kwenye kona ya changarawe, ambako hutathubutu kuwasha loki. Kwa uendeshaji inazishinda zote. Nimeishusha kwa sababu ya mfuko: inataka oili yake, fundi mwenye mashine ya kupima, na tairi za saizi moja zilizolika sawa, la sivyo pleti zinaungua. Anayeishi Dar au Nairobi anaweza kuipandisha.

Gari yenye difu ya kawaida, inayotegemea kompyuta ibane breki ya tairi linalozunguka bure, naiweka mwisho kabisa, nyuma hata ya ile ya tatu hapa chini. Inatoka, ila kwa kuhangaika.

Ya tatu ni LSD ya pleti isiyo na umeme, ya Surf na Prado za zamani. Zuia tairi za mbele, inua nyuma juu ya stendi, gia P, foo wili imetolewa, hendibreki chini, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Likigoma, pleti zina uhai. Mwaka juzi nililifanyia hivyo Surf moja lililosifiwa: tairi likazunguka kwa kidole, la upande wa pili likarudi kinyumenyume. Dalali akasema nimelizungusha vibaya.