Uzoefu wangu: Mafunzo ya vitendo ya tiba ya maumivu kule juu, Marsabit

Wenzangu wa chuo wamekuwa wakiniuliza kama kuna faida yoyote ya kuchagua kliniki ya maumivu kule kaskazini mwa Kenya badala ya kubaki hospitali kubwa ya mjini. Ipo, ila haimfai kila mtu, na sababu zake si zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya chuo. Mimi nasomea utabibu, yaani ni mmoja wa wale ambao mwananchi humwita daktari na daktari mwenyewe hamwiti hivyo. Nilipangiwa kituo cha afya ng'ambo ya mji wa Marsabit, upande wa jangwa la Chalbi, ambako wauguzi ndio wanaoendesha kliniki ya maumivu na huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito. Jina la kituo naliacha, maana kuna mambo nitakayoyasema ambayo si ya kumpendeza mtu.

Safari haina hadithi ndefu. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, basi la usiku kutoka Nairobi linakufikisha Marsabit asubuhi ukiwa bado una sura ya mtu. Shida inaanza lami inapokwisha: mawe meusi ya volkano, kisha vumbi, na usafiri ni Landikruza ya kituo ikiwa na mafuta, au lori la mbuzi. Malazi ni chumba kimoja cha wanafunzi chenye vitanda vya chuma. Maji ni ya mtungi na umeme ni wa sola, ambao jioni hupewa kwanza friji ya chanjo. Hilo silalamikii.

Ninalolalamikia ni chuo na mwalimu wake. Mwalimu aliyetakiwa kuja kututathmini hakuja. Alipiga simu, mtandao ukakatika katikati, na alama zikatoka hivyo hivyo. Daftari la mafunzo lilitudai sindano za kuzuia neva na ganzi ya uti wa mgongo, kwenye kituo kisicho na mtaalamu wa ganzi hata mmoja. Niliacha nafasi wazi, nikaitwa ofisini kueleza kwa nini. Ukienda, mwombe anayekutuma aandike mapema na kutia saini kwamba kurasa hizo zitajazwa kwingine.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe, maana hapo ndipo kituo kile kinashinda hospitali zote nilizopita.

Sista msimamizi wa kituo ni mama wa Kigabra, jamii ya wafugaji wa huko, anayekaribia kustaafu. Jambo la kwanza alilotukataza ni sindano. Huko, kama kwingi nchini, mgonjwa wa maumivu anaamini kwamba dawa ni ile inayodungwa. Kidonge ni cha kumfukuza. Wenye maduka ya dawa wanalijua hilo, kwa hiyo mzee wa mgongo anafika kituoni akiwa ameshadungwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miezi na miezi. Dawa hiyo ikipewa mtu anayeshinda juani na kunywa maji kidogo inamharibu figo na tumbo, na sindano ikichomwa makalioni mahali pasipofaa inaweza kugonga neva kubwa ya mguu, mtu akatoka akiburuta unyayo. Tuliona mtoto wa namna hiyo. Alikuja kwa sababu ya homa tu, akadungwa mahali fulani njiani, na sasa mama yake alikuwa anauliza kama mguu utarudi.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa mgongo na viungo tulimuuliza kwanza maswali ambayo mjini hatuulizi. Unakunywa maziwa mabichi? Kuna ngamia au mbuzi waliotupa mimba? Unatoka jasho usiku? Kaskazini kote huku maziwa hunywewa bila kuchemshwa, na brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, imejificha humo. Mtu anaumwa kiuno, magoti na bega, homa inakuja na kuondoka, na hakuna dawa ya maumivu itakayomtosheleza, kwa sababu anachohitaji ni dawa za kuua bakteria: doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6, au doksisaiklini na sindano za jentamaisini za siku chache za mwanzo. Hapo sista alikuwa anatania kwamba kumbe sindano zimeruhusiwa. Mwingine anaumwa mgongo pahali pamoja, amekonda, anakohoa. Huyo usimpe kidonge ukamrudisha nyumbani, maana kifua kikuu hula pingili za uti wa mgongo. Wiki za mwanzo sikujifunza dawa mpya hata moja. Nilijifunza kuuliza.

Kisha kuna makovu. Jamii nyingi za wafugaji hutibu maumivu kwa kuchoma ngozi kwa chuma cha moto, na mgonjwa akivua shati unakuta alama za mviringo zimejipanga tumboni, kifuani au kando ya uti wa mgongo. Mwanafunzi mwenzangu alianza kuguna. Sista akamnyamazisha kwa jicho, akainama na kuanza kuzisoma: hizi zilizofifia ni za zamani, hapa juu ya ini ni za mwaka huu, na hili bado lina gamba. Akagusa polepole pale penye gamba. Mzee akakunja uso. Alikuwa amekuja kwa ajili ya goti, la tumbo hakulitaja. Chini ya mbavu tulipapasa uvimbe mgumu, naye akapelekwa hospitali ya kaunti kupigwa picha wiki hiyo hiyo. Tangu hapo simpimi mtu akiwa amevaa nguo, hata kama foleni inafika mlangoni.

Kile kipimo cha kuuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi kilinishinda mapema. Kijana aliyelelewa akijua kwamba siku ya kutahiriwa hatakiwi hata kupepesa jicho hatakwambia saba mbele ya wenzake. Atasema sifuri, mguu ukiwa umevunjika. Akina mama nao hujibu kwa kuonyesha uso wa mtoto wao. Picha za nyuso zinazocheka na kulia tuliziweka ukutani, nazo zilikaa ukutani. Kilichosaidia zaidi ni mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Juu yake tunauliza juu ya kazi. Jana ulichota maji? Usiku umegeuka mara ngapi? Mbuzi wanapelekwa na nani siku hizi? Mzee akijibu kwamba mbuzi sasa wanapelekwa na mjukuu, hiyo ndiyo namba yako.

Darasani sote tulikariri ngazi ya dawa za maumivu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986: parasetamoli na jamaa zake chini, kodeini au tramadoli katikati, morfini juu, dawa inywewe, itolewe kwa saa, ifuate ngazi. Sehemu ya kwanza na ya tatu ni rahisi. Ya pili, kutoa dawa kwa saa, ndiyo inayofanya mafunzo haya yastahili safari. Morfini ya maji hukaa mwilini saa 4 hivi. Ukimwambia mtu anywe akisikia maumivu, maumivu yanakuwa yamemtangulia na dozi inayohitajika kuyashusha ni kubwa zaidi. Sasa mpe maagizo ya kila saa 4 mama anayemuuguza mumewe mwenye saratani ya umio kwenye hema la Kigabra, bila saa ya ukutani, simu ikichajiwa dukani mara moja moja.

Tulivyofanya ni hivi. Sista alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akazungusha utepe mweupe kwenye mililita 5, na chupa yetu ilikuwa na miligramu 1 kwa kila mililita, kwa hiyo utepe ulikuwa dozi ya kuanzia ya mtu mzima. Kwa mzee dhaifu angeuweka nusu yake. Kisha akakaa chini na mama yule wakaigawa siku: dozi ya kwanza baada ya sala ya alfajiri, ya pili kwenye chai ya saa nne, ya tatu mbuzi wakiwa kivulini mchana, ya nne baada ya magharibi, ya mwisho ni mbili kwa pamoja wakati wa kulala ili usiku wasiamke. Akamwambia airudie yote. Alipokosea ile ya mchana wakaanza upya, na dereva akaendelea kupiga honi nje bila kujibiwa. Pamoja na chupa akapewa bisakodili, dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo kwa karibu kila mtu na choo kisipopatikana mgonjwa huiacha dawa, halafu lawama inaiangukia dawa.

Hofu ya morfini ilikuwa kwetu wahudumu zaidi ya kwa familia. Nilifika nikidhani tone likizidi mtu anaacha kupumua. Kwa dozi ya kunywa inayopandishwa hatua kwa hatua hilo ni nadra; anayenitia wasiwasi sasa ni mgonjwa wa figo, ambaye dawa humlimbikia mwilini, na huyo tulimpa kidogo na kwa nafasi ndefu. Mambo mengine ni ya uangalizi wa kawaida: kabati la kufuli mbili, daftari la kuandika kila mililita, saini za watu wawili.

Kasoro kubwa kuliko zote nimeiweka hapa, sikuiweka kule kwenye malazi. Morfini iliisha. Haikuwa siku moja, na hakuna aliyetuambia mapema. Unga wa morfini huyeyushwa mbali, chupa husubiri gari, na gari husubiri mafuta. Halafu hata ilipokuwepo, sista aliyejua kuliko sote alilazimika kumsubiri daktari aje kutia saini. Uganda, tangu 2004, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika morfini ya kunywa wenyewe. Kule kwetu nilimwona mgonjwa akingoja saini siku nzima huku chupa iko hatua kumi kutoka kitandani. Tulimpa tramadoli, na amitriptilini ya usiku kwa yale maumivu ya kuungua. Haikutosha, na kila mtu wodini alijua.

Hukumu yangu: nyota nne kwa mafunzo, mbili kwa mpangilio. Aende aliyeshazunguka wodi za kawaida na anayejua kumpima mgonjwa peke yake, maana hakuna wa kukushika mkono. Wa mwaka wa kwanza angoje. Anayetaka kuona mashine na sindano za kuzuia neva abaki Nairobi, hatapata kitu huku. Asiyejua Kiborana, lugha ya huko, afike na adabu kwa mkalimani. Wetu alikuwa mfagiaji wa kituo, na bila yeye nusu ya niliyoandika hapa nisingeyajua. Mpe chai kabla ya raundi.

Bebeni pesa taslimu, taa ya kichwani, bomba za kutosha na utepe wenu, daftari la kawaida mbali na lile la chuo, na kitambaa cha kujifunga usoni kwa ajili ya upepo. Chagueni kipindi cha kiangazi. Mvua ikinyesha Chalbi hugeuka tope, gari halipiti, na utabaki huko mpaka kukauke, chuo kikikuhesabu mtoro.