Kufunga nyama ya friza: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Shaabani ikielekea ukingoni, na tena siku mbili tatu baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, beseni la nyama huwekwa chini jikoni na swali huwa moja: hii yote inafungwa kwa kitu gani? Paja la ng'ombe la kilo 15 likitiwa kwenye friza lilivyo, baada ya mwezi unatoa jiwe lisilokatika kwa kisu wala kwa panga. Hapa chini tumevipanga vifungashio vinavyopatikana madukani kwetu, Unguja na Pemba, kuanzia tunachokiona bora kwa nyumba ya kawaida. Tumeangalia mambo matatu: kinatoa hewa kiasi gani, kinahimili mfupa na baridi, na kinakugharimu nini kila mara unapokitumia.

Hewa tumeitanguliza kwa sababu. Ndani ya friza, barafu iliyo juu ya nyama hupotea polepole bila kuyeyuka kwanza. Inageuka mvuke moja kwa moja. Ndiyo yale mabaka ya kijivu, makavu, unayoyaona kwenye pembe za nyama ya zamani. Hayana sumu, lakini ukiyapika hutafunika kama makumbi. Hewa hiyohiyo huyachachusha mafuta, ndiyo maana mbuzi aliyefungwa ovyo hutoa uvundo mapema kuliko steki isiyo na mafuta.

La kwanza: mfuko mzito wa zipu

Tafuta ulioandikwa kuwa ni wa friza, si ule wa kutilia mkate na vitafunio. Tofauti yao ni unene. Usipoona maandishi, usugue kwa vidole: unaochakarika na kupiga kelele ni mwembamba, ukiganda hupasuka kwenye mikunjo, ule laini, mzito, usio na sauti ndio wako. Zipu ya mistari miwili ni bora kuliko ya mmoja. Ukiwa na wasiwasi nunua pakiti moja tu kwanza, utie maji mfuko mmoja, uufunge na kuupindua juu ya sinki. Ukidondosha, usirudi kununua wa pili.

Hewa unaitoa bila mashine. Tia nyama, funga zipu ubakishe pembe moja upana wa kidole, kisha uzamishe mfuko polepole ndani ya ndoo ya maji, pembe iliyo wazi ikibaki juu. Maji yanaubana mfuko mpaka nailoni inaganda kwenye nyama kama ngozi ya pili. Maji yakikaribia ile pembe, ifunge, toa, futa. Ni kazi ya sekunde chache, na matokeo yake hayako mbali na ya mashine.

Mfuko huu ukitiwa mboga au mkate unaweza kutumika tena. Uliokwisha tiwa nyama mbichi, hapana.

La pili: nailoni nzito ya kufunga fundo

Hii huuzwa kwa pakiti au kwa kilo katika maduka ya vifungashio, na kwa bei ni rahisi kuliko zipu. Kwa mwenye nyama nyingi ya mara moja, hii inatosha kabisa. Sharti ni kuivalisha miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kila mmoja ufungwe fundo lake baada ya kubana hewa kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Mifuko myembamba ya kugandishia barafu na malai haifai, hata uvalishe mitatu.

La tatu: mashine ya kuvuta hewa

Kwa ubora wa kuhifadhi, hii inashinda zote. Tumeishusha kwa sababu ya gharama na kero zake. Mashine nyingi za nyumbani zinataka mifuko yake maalumu yenye vinundu au mistari upande mmoja. Mfuko laini ukiutia, hewa haipati njia ya kutoka. Kwa hiyo kabla ya kulipia mashine uliza mifuko inapatikana wapi na kwa bei gani. Angalia na kibandiko cha umeme nyuma yake: iliyotoka Marekani huweza kuwa ya volti 110, na umeme wetu ni wa 230. Ukiichomeka moja kwa moja, umeiunguza.

Nyama yenye maji au viungo vya kimiminika huvutwa hadi kwenye mdomo wa mfuko na kuuzuia usishikane. Igandishe kwanza saa moja au mbili juu ya sinia, ndipo uivute. Mbavu hutoboa mfuko wakati hewa inatoka. Ncha ya mfupa ifunike kwa kipande cha nailoni kilichokunjwa mara kadhaa. Anayefanya biashara ya mishkaki au anayechinja ng'ombe mzima atairudisha fedha yake. Nyumba inayomaliza nyama ndani ya miezi mitatu haina haja nayo.

La nne: kopo la plastiki lenye kifuniko

Kwa steki halifai, kwa sababu hewa inabaki juu na pembeni. Lakini kwa supu ya kongoro, mifupa, utumbo uliokwisha chemshwa au nyama iliyopikwa na mchuzi wake, tunaliweka la kwanza. Mchuzi unajaza nafasi ya hewa. Acha kama sentimita 2 juu, maana maji yakiganda hutanuka na kifuniko kitaruka. Kopo la aiskrimu linafaa mara kadhaa tu. Plastiki yake ikishaanza ufa, ndio mwisho.

La tano: karatasi ya foili

Inachanika, na ndimu au siki huitoboa matundu madogo usiyoyaona. Itumie kama gamba la nje juu ya nailoni. Peke yake, iache kwa kuchomea samaki.

Usinunue kabisa

Gazeti, kaki, na ile mifuko mbadala ya kitambaa iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki ya kubebea kupigwa marufuku. Ni ya kubebea nyama kutoka Darajani au Mwanakwerekwe mpaka nyumbani. Yote hupitisha hewa, na karatasi inaganda na nyama ukabaki kuibandua kipande kwa kipande.

Kifungashio kizuri hakiokoi nyama iliyoharibiwa kabla

Nyama ya mnyama aliyechinjwa asubuhi hiyohiyo isikimbiliwe kutiwa kwenye friza. Misuli haijamaliza kukakamaa. Ikigandishwa wakati huo, siku ya kuyeyuka hujikunja na kuwa ngumu. Ikate mapande makubwa, itandaze kwenye sinia ndani ya friji bila kurundika, ilale usiku mmoja, ndipo uikate na kuifunga. Usiioshe kabla ya kufunga. Ukishindwa kujizuia, ichuje kisha uikaushe kwa kitambaa safi, la sivyo kila tone litakuwa barafu ndani ya mfuko.

Gawa kwa kiasi cha chungu kimoja, nusu kilo au kilo, na mfuko uwe bapa, unene wa sentimita 2 hadi 3. Unene ukizidi maradufu, muda wa kuganda hukaribia mara nne, na nyama inayoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazochana nyuzi zake. Ndiyo yale maji mekundu yanayobaki kwenye sahani. (Pweza ndiye anayefaidika na kuchanwa huko: akishaganda na kuyeyuka, hana haja ya kupigwa sana.)

Kima ya kababu na sambusa ifungwe bila chumvi, maana chumvi huharakisha mafuta kuchacha. Mishkaki unaweza kuitia tangawizi na thomu, lakini papai iache mpaka siku ya kuchoma. Baridi haiui nguvu yake, inailaza tu. Nyama ikiyeyuka papai inaamka na kuendelea na kazi, na utachomeka uji kwenye vijiti.

Andika jina, uzito na tarehe kabla mfuko haujapata baridi, kwa maka peni juu ya mkanda wa karatasi. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, steki ya ng'ombe hubaki na ladha yake miezi 6 hadi 12, kima na ini miezi 3 hadi 4. Friza ya lita 200 isipewe zaidi ya kilo 8 hadi 10 za nyama mbichi kwa siku; ukiijaza kwa mkupuo, ya katikati itachelewa kuganda na iliyokwisha ganda italegea. Siku ya kwanza tandaza pakiti, zikishakuwa ngumu zisimamishe kama vitabu.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu tu, saa 24. Nafasi tupu zijaze chupa za maji. Kukatika kama kule kwa Unguja, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hakuna mfuko utakaokusaidia. Lakini kwa kukatika kwa siku moja ukiwa safarini, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo ndani. Ukirudi ukaikuta sarafu chini ya barafu, friza iliyeyuka ikaganda tena. Nyama hiyo itupe, hata kama pakiti zinaonekana ngumu na safi.