Matairi ya lami kwa baiskeli ya matairi mapana: uzoefu wangu kati ya Malindi na Watamu

Nianze na hukumu yangu, kwa yule asiye na muda wa kusoma yote. Kama una baiskeli ya matairi ya inchi 4 na safari zako nyingi ni za lami, badilisha matairi kabla hujagusa gia, breki au kiti. Chukua tairi lisilo na meno, lenye upana ulio karibu na ule wa tairi ulilonalo, kisha jifunze kulitia upepo. Hilo la upepo nitalirudia, maana wengi hulipuuza.

Mimi ni fundi wa mafriji. Wateja wangu ni nyumba za wageni na mahoteli madogo, kuanzia barabara ya Casuarina hapa Malindi mpaka Watamu, zaidi ya kilomita 20 kwenda tu. Nyuma kwenye keria nafunga sanduku la spana na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, na siku nyingine mtungi mdogo wa gesi. Baiskeli niliinunua kwa mtu aliyekuwa akikodisha watalii pale Silversand: ringi za inchi 26 zenye upana wa milimita 80, matairi 26 x 4.0 ya meno makubwa. Kwa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, huna neno la kuisema. Inapita juu ya mchanga pale ambapo Black Mamba, ile baiskeli ya kawaida ya chuma, ingezama mpaka kwenye spoku.

Lami ni habari nyingine. Ukishapita uwanja wa ndege ukaelekea Msabaha, meno yale huanza kunguruma, na mngurumo unakufuata mpaka Gede. Watoto wa shule walikuwa wakinipisha kabla hawajaniona. Kelele yenyewe si shida kubwa, ila ni dalili ya shida. Kila jino la mpira likigusa lami hupinda, likiachwa hunyooka, na nguvu ya kulipinda inatoka miguuni mwako. Halirudishi yote uliyolipa. Msimu wa kusi upepo unakupiga usoni njia nzima ya kwenda Watamu, na una kilo 15 za vyuma nyuma yako. Nilikuwa nafika kwa mteja miguu inatetemeka kabla sijafungua hata skrubu moja.

Ni haki kusema kwamba meno yale hayakutengenezwa vibaya. Baiskeli za namna hii zilianzia kwa watu wa theluji kule Alaska na watu wa mchanga wa jangwani kusini-magharibi mwa Marekani, na kampuni ya Surly ilipotoa baiskeli yake ya Pugsley mwaka 2005, ikiwa na matairi ya inchi 3.7, ndipo zilipoanza kuenea madukani. Kazi yake ilikuwa kupita pasipo na barabara. Mimi nataka kupita penye barabara, tena barabara ya kwetu, ambayo lami yake ni nzuri katikati na pembeni imefunikwa mchanga, na mabasi ya Mombasa yakija kasi unalazimika kushuka huko pembeni upende usipende.

Kwa hiyo nilikuwa na masharti mawili: tairi liteleze vizuri kwenye lami, na lisiniangushe nikishuka pembeni.

Sasa kununua. Muuzaji mmoja wa Mombasa aliniambia tairi lolote la inchi 26 litaingia. Si kweli, na ukimsikiliza mtu wa namna hiyo utatupa pesa. Tazama ubavuni mwa tairi, chini ya maandishi makubwa, utaona namba ndogo mbili zilizounganishwa kwa kistari, mfano 98-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Inchi 26 ya baiskeli hizi ni 559. Zile ndogo za umeme zinazokunjwa, za 20 x 4.0, ni 406. Black Mamba ya 28 ni 635. Namba hii ya pili ikitofautiana na yako, usishawishike na bei.

Upana nao una mipaka yake. Matairi mawili ndiyo niliyoyapima kwa makini: Speedster ya kampuni ya Vee ya Thailand, ya 26 x 3.5, na Black Floyd ya Surly, ya 26 x 3.8. Yote mawili ni ya lami. Kwa mtu mwenye ringi ya milimita 65 ningesema achukue la 3.5 asihangaike, ni jepesi zaidi kusukuma. Kwa ringi yangu ya 80 nilichukua la 3.8. Sababu ni hii: tairi likiwa jembamba juu ya ringi pana, linatanuka na kukaa bapa. Uso wake unakuwa na kingo mbili, na ukilala kwenye kona unafika ukingoni ghafla. Tena kuta za tairi haziikingi ringi kwa pembeni, na shimo moja baya lenye jiwe la matumbawe linatosha kuipinda. Mwenye mzigo nyuma hana ruhusa ya kubahatisha hapo.

Hapa Malindi sikuyapata dukani. Mteja wangu mmoja, Mtaliano mwenye nyumba Casuarina, alikuja nayo kwenye mizigo yake alipotoka likizo, na nilimlipa kwa kazi ya friji mbili na pesa kidogo juu. Kama huna njia ya aina hiyo, jumlisha usafiri na ushuru kabla hujafurahia bei ya mtandaoni.

Nilipoyapeleka kwa fundi wangu wa baiskeli, mzee aliyeanza kuziba pancha kabla sijazaliwa, alilishika moja akalizungusha mkononi.

"Mwanangu, tairi hili limeshakwisha. Umeuziwa kipara."

"La, mzee, ndivyo linavyotoka kiwandani."

Alipitisha kidole gumba juu ya mpira, akabonyeza, akaunusa. "Mpira ni mpya," akakubali. "Haya, tulitie."

Kazi ya kulitia ndiyo ningependa kila mtu aiangalie kwa macho yake. Ringi hizi pana huwa na matundu makubwa kati ya spoku ili zipungue uzito, na matundu hayo huzibwa kwa utepe unaozunguka ringi yote. Utepe wangu ulikuwa umechanika mahali pawili. Ukiuacha hivyo, chubu itajitutumua kwenye tundu kidogo kidogo mpaka ipasuke, nawe utailaumu miiba. Mzee alikata mpya kutoka kwenye kitambaa kigumu cha turubai. Kisha tukatia chubu ikiwa na upepo kidogo tu, ili isijikunje, na tairi tukalisukuma kwa viganja mpaka mwisho bila chuma. Chuma kikiibana chubu kwenye ukingo, pancha unayo kabla hujatoka karakana. Mwisho tulipaka maji ya sabuni kwenye kingo tukatia upepo wa kutosha. Tairi likalia pa! pa!, likakaa. Kuna mstari mwembamba ubavuni unaozunguka tairi lote. Zungusha gurudumu uuangalie. Ukiwa karibu na ringi upande mmoja na mbali upande mwingine, tairi halijakaa, na utaruka kama umepanda ngamia.

Upepo sasa. Tairi pana linabeba hewa nyingi kwa nguvu ndogo, kwa hiyo PSI 3 (PSI ni kipimo cha nguvu ya upepo ndani ya tairi) juu au chini, ambazo kwenye gari huwezi kuzihisi, hapa zinabadilisha baiskeli nzima. Kipimo cha kituo cha mafuta hakifai, kimetengenezwa kwa magari na huku chini namba zake zimebanana. Nilinunua kipimo kidogo cha mkononi kinachoishia 30, na naona ndicho chombo muhimu kuliko vyote nilivyonunua baada ya matairi yenyewe. Kwa uzito wangu na mzigo, mbele natia 16 na nyuma 20. Nikiwa sina mzigo, nyuma napunguza mpaka 17. Ukishuka chini ya 10 kwenye lami, usukani unakuwa mzito na unajivuta wenyewe kwenye kona, kana kwamba kuna mtu anakuongoza. Ukizidisha upepo sana, tairi linadunda kwenye kila tuta na ule ulaini wote uliolipia unapotea. Wala usivuke namba ya juu iliyoandikwa ubavuni.

Jua la kwetu nalo lina hesabu yake. Upepo uliotia alfajiri hauwi ule ule saa saba, baiskeli ikiwa imeegeshwa juani nje ya hoteli. Unapanda kama PSI 1 au 2. Mimi napima asubuhi, nikijua mchana utapanda, na baiskeli naiegesha kivulini.

Tofauti barabarani ni kubwa. Mngurumo umekwisha, kimebaki kisauti cha mpira na mnyororo. Gia niliyokuwa nikiitumia nikiwa na upepo mgongoni, sasa naitumia njia yote ya tambarare kati ya Msabaha na Gede, hata kusi ikiwa ya wastani. Bado si baiskeli ya mbio. Uzito wa ringi na chubu upo pale pale, na kuiondoa baada ya kila tuta kunahitaji miguu. Lakini ikishachanganya, inakwenda. Na nikifika Watamu nafanya kazi nikiwa na nguvu zangu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la mvua: tairi lisilo na meno halitelezi? Kwenye lami yenye maji, hapana. Meno ya tairi la gari yana kazi ya kutoa maji kwa sababu gari lina kasi na tairi lake ni bapa. Ipo kanuni ya zamani iliyotokana na majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, kwa magurudumu ya ndege, inayokadiria kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji kutokana na upepo ulio ndani yake. Kwa PSI 16 inatoa zaidi ya kilomita 65 kwa saa. Mimi na sanduku langu la spana hatufiki huko. Mpira laini unaogusa lami kwa uso wake wote unashika kuliko vijino vinavyogusa kwa vipande. Niliyoyaona yakiteleza kweli ni rangi nyeupe za barabarani zikilowa, mafuta yaliyomwagika kituo cha matatu, na mchanga mkavu juu ya lami ngumu pale kwenye mchepuko wa Gede kuelekea Watamu. Hapo punguza mwendo kabla ya kona, na breki ya mbele usiiguse ukiwa umelala.

Pembeni mwa barabara, nilipokuwa na wasiwasi zaidi, tairi limenitosheleza. Upana ndio unaobeba kwenye mchanga, meno yanasaidia kusukuma tu. Ufukweni mchanga ukiwa umelowa na kushikana, nashusha upepo mpaka 8 na napita bila taabu. Mchanga mkavu wa juu, wa kupanda, gurudumu la nyuma linazunguka bure na unashuka kusukuma. Tope la masika kwenye njia za ndani za Ganda ni vivyo hivyo, na huko ningeomba meno yangu ya zamani. Kwa hiyo ndugu zangu wa Lamu, ambako gari ni adimu na njia ya kuburudika ni ufukwe wa Shela, msinisikilize mimi. Bakini na meno.

Miiba ndiyo inayohitaji tahadhari. Tairi la lami halina jino nene la kuuzuia mwiba wa mgunga usifike ndani. Nimetia dawa ya kuziba ndani ya chubu, kwa kuifungua ile sindano ya valvu, na kila jioni napitisha kitambaa juu ya mpira kutoa vipande vya chupa na matumbawe vilivyonasa kabla havijachimba. Chubu ya akiba ya 26 x 4.0 natembea nayo daima, maana ukipata pancha kubwa Gede hakuna dukani chubu ya upana huo, na ya kawaida ukiilazimisha inanyooka mpaka inakuwa nyembamba na kupasuka mapema. Ya kwangu nimeifunga chini ya kiti, ndani ya soksi nzito, isisuguliwe na spana.

Tairi la nyuma limeanza kulika katikati, la mbele bado jipya. Nitayabadilishana nafasi kusi ikitulia, na nikiagiza tena nitaagiza la nyuma peke yake, 3.8 lile lile.