Nilirudishiwa bahasha yangu, selotepu haijaguswa

Nianze na bahasha, maana hasira yangu yote imo humo. Ni bahasha ya kaki niliyoinunua River Road, Nairobi, nikailamba, nikaifunga, kisha nikabandika selotepu juu yake kwa sababu ndani mlikuwa na nakala ya barua ambayo marehemu baba aliihifadhi ndani ya kopo la biskuti miaka yote. (Barua yenyewe nilibaki nayo, sikuwa mjinga kiasi hicho.) Siku niliyorudishiwa, miezi mitatu baadaye na shilingi 35,000 zikiwa zimeshaenda, selotepu ilikuwa vile vile. Unywele wangu mmoja ulionasa chini yake siku ile bado ulikuwa umenasa pale pale.

Ofisi yenyewe iko katikati ya jiji, gorofa ya tatu, lifti imekufa. Kazi yao ni kutafuta watu: wadeni waliotoroka, waume waliohama, na warithi wasiojulikana waliko. Jina silitaji, wakili amenikataza.

Mzee wetu alituacha mwaka juzi. Mama alikuwa ametangulia. Tulibaki watatu, na ploti ya Kayole yenye vyumba vinane vya kupangisha, na akiba kidogo benki. Halafu kuna wa nne. Baba alikuwa mtu wa reli, na ujanani aliwekwa Voi, ile njia ya kwenda Taveta hadi Moshi. Siku hizo reli ilikuwa moja ya nchi tatu, mtu anafanya kazi huku na anakula ugali wa kule. Akazaa na mama mmoja wa Moshi, Tanzania, mtoto wa kiume, 1974. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Ulipofunguliwa, baba alikuwa ameshahamishiwa Nairobi, ana mke, ana mimi mgongoni. Barua ya kwenye kopo ni ya 1984. Ina muhuri wa posta ya Moshi, jina la yule mama, mtaa wake, na jina la balozi wa nyumba kumi. Kila kitu kimo. Hata mtoto wa darasa la sita angejua aanzie wapi.

Kwa nini tulimtafuta? Kwa sababu chifu alikataa kutuandikia barua ya warithi watatu. Mzee mwenyewe aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba ana kijana mwingine, na chifu wetu hasahau kitu, labda harambee alizoahidi. Kitinda mimba wetu alinuna wiki nzima. Wakili naye akatuambia wazi kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba akamtambua, ni mtoto kama sisi, na kwa vile mama hayupo tena mali inagawanywa sawa kwa sawa. Tukimficha, barua za usimamizi, yaani ruhusa ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, tutakazopewa zinaweza kubatilishwa hata baada ya miaka mingi, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi. Utakuwa umeshajenga gorofa, mtu anatokea na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Basi nikapanda ngazi za gorofa ya tatu. Makubaliano yalikuwa 45,000: 35,000 mbele kidogo kidogo, 10,000 akipatikana. Mkubwa wa ofisi alikuwa mtanashati, ana sauti ya mtangazaji wa redio. Nikaamini. Kila baada ya siku chache ujumbe: tuma 2,000 ya mafuta tuko njiani Kwale, tuma 1,500 ya chai ya afisa fulani, tuma ya kulala Kilifi. Mimi nauliza, mbona Pwani tu? Ananijibu, "Madam, hilo jina ni la Pwani. Tuachie kazi yetu." Jina la kakangu ni la kawaida kabisa, ukiliita pale soko la Gikomba watageuka watu watano. Lakini sauti ya redio ilishasema, nikanyamaza, nikatuma.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, baridi ile ya Julai au karibu na hapo. Akanikaribisha kiti, akaagiza chai, akasukuma karatasi mbili mezani kwa kidole kimoja. Ya kwanza ni nakala ya kibali cha mazishi cha mtu mwenye majina matatu sawa na ya kakangu. Ya pili ni hati ya kiapo iliyokwishachapwa, ina jina langu, inasema mimi naapa kwamba ndugu yangu alifariki kabla ya baba bila mke wala mtoto. Imebaki sahihi tu. Kalamu ilikuwa imefungwa uzi kwenye meza kama ya benki.

Nikasoma ile ya kwanza. Mwaka wa kuzaliwa 1963. Baba yangu ni wa 1952. Kwa hesabu zao baba alizaa akiwa darasa la nne.

Nikamwonyesha. Hakushtuka hata. "Madam, hayo ni makosa ya karani, yanarekebishwa." Na kweli, kwenye sehemu ya nambari ya kitambulisho kulikuwa na ule weupe wa kufutia wino, umekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Nikauliza, na jina la mama yake je? Na ile barua? Hapo ndipo alipovuta faili, akatoa bahasha yangu, akaiweka mbele yangu. Imefungwa.

Niliitazama mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza, hukuifungua? Akanijibu neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nikiwa kwenye matatu abiria wa kando huniangalia, maana najisemesha: "Kwani ploti yenu ni kubwa kiasi gani hata mtafute mdomo wa nne?"

Ningependa kuandika kwamba nilimrarulia zile karatasi usoni. Sikufanya hivyo. Nilizikunja nikazitia mkobani pamoja na bahasha, na zilikaa kwangu siku mbili. Siku mbili nzima. Mmoja wa ndugu zangu wawili wa nyumbani alikuja, akazisoma, akasema, "Dada, weka sahihi tumalize." Na mimi nilikuwa na deni la karo, sitadanganya.

Ilibidi nimpelekee wakili, akacheka kicheko kibaya. Akanieleza kwamba hata kama kakangu wa Moshi angekuwa amekufa kabla ya mzee, watoto wake wangeingia mahali pake na kuchukua fungu lake. Ndiyo maana mule ndani waliandika "bila mke wala mtoto", uongo juu ya uongo. Tena akasema, mtu asiposikika kwa miaka saba mahakama inaweza kumhesabu kuwa amekufa, lakini asiposikika na nani? Na wale ambao angekuwa hai wangemsikia. Kwake yeye hao ni watu wa mamake. Watu wa Moshi. Walewale walioandikwa ndani ya bahasha.

Nyota moja, basi, ndiyo ninayoipa ofisi hii. Lakini kuna yule binti wa mapokezi, na hapo ndipo hukumu yangu inaponiponyoka. Nimebadilisha mambo mawili matatu kumhusu asije akapoteza kibarua. Siku ile nikiteremka ngazi nilisikia viatu nyuma yangu. "Mama, samahani." Alikuwa na simu mkononi. Akaniambia mjombake anaendesha lori, anapita Taveta kila wiki hadi Moshi, nimpe lile jina la mtaa. Tukasimama pale kwenye ngazi, gorofa ya kwanza, karibu na mlango wa choo, nikaifungua ile bahasha kwa funguo za nyumba, mimi mwenyewe, akaipiga picha barua. Hakuniomba hata shilingi.

Wiki mbili hazikuisha. Mjomba alifika mtaani, akaambiwa balozi yule alikufa zamani ila mwanawe yupo, mwanawe akamwelekeza kwa fundi baiskeli mmoja. Jioni simu yangu ikaita kwa nambari ya Tanzania. Sauti ya baba. Namaanisha sauti yenyewe, ile ya kukwaruza. Swali lake la kwanza: "Dada, mzee alikuwa bado anapiga chafya mara saba?" Nilikaa chini sakafuni jikoni. Alikuwa akipiga nane.

Msinielewe vibaya, si hadithi ya machozi. Kaka amekuja Nairobi kwa basi, ametia sahihi fomu ya ridhaa kwa wakili, amelala kwangu siku nne, amekosoa chai yangu, na siku ya tatu akauliza vyumba vya Kayole vinaingiza ngapi kwa mwezi. Anataka fungu lake, kamili. Nilimkumbuka yule bwana na mdomo wake wa nne, nikakereka mara mbili. Lakini ni haki yake. Tangazo letu limeshatoka kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za pingamizi zimepita bila mtu kujitokeza, sasa tunangoja ile miezi sita kabla mahakama haijatuthibitishia barua za usimamizi.

Basi nilikuwa nimeketi kuandika haya niwape nyota mbili, ya pili ikiwa ya binti, ndipo ujumbe ukaingia kutoka ofisi ile ile: "Madam pongezi. Tumepata habari mhusika amepatikana. Tafadhali kamilisha baki ya 10,000 kulingana na makubaliano."

Kinachonichoma ni kwamba ukiangalia kwa jicho la wakili hawajakosea sana. Akipatikana, ndivyo tulivyoandika, hatukuandika apatikane na nani. Na aliyemfanya apatikane analipwa mshahara na wao, kama wanamlipa.

Sijajibu. Zile elfu kumi nilishazituma, kwa simu ya binti.