Pasi fupi au mpira mrefu?
Kondele, Kisumu, saa nne usiku, mimi na binamu yangu bado tunabishana juu ya Football Manager, gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa timu: mpinzani akikubana hadi kwenye boksi lako, ufanyeje?

Yeye hupiga mpira mrefu kwa straika wake mrefu. Ni salama, ila mpira ukirudi mnaanza upya kukimbizwa.

Mimi humwambia kipa ampe beki wa kati, kiungo mkabaji ashuke katikati ya mabeki wawili. Washambuliaji wao wawili sasa wanakabili watu watatu, na kipa ni wa nne. Kiungo wao akipanda kusaidia, nyuma yake pengo. Lakini beki asiye na utulivu atakuchoma. Juzi nilifungwa hivyo dakika ya tatu, binamu akacheka hadi akamwaga chai. Nikiwa na mabeki wazito, hata mimi hubutua.