TAHADHARI: "Windows orijino" ya elfu sitini, hasa kwa wenye kompyuta za zamani

Wakuu, kuna mafundi Kariakoo wanawasubiri watu wenye mashine za zamani. Maneno yao ni haya: "Windows 10 imeshakufa mzee, tukupigie 11 orijino, leseni ya maisha, elfu sitini tu." Mjomba wangu kawapelekea HP yake ya mezani, Core i5 ya kizazi cha nne. Ilirudi inang'aa, RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) imeshuka kutoka GB 8 hadi 4, na picha zote zilizokuwa kwenye diski D zimefutwa. Alipouliza, akajibiwa "kirusi kilikula".

Hiyo ya Windows 10 ndiyo chambo chenyewe. Ni kweli Microsoft walisitisha masasisho yake ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa mashine ya mjomba waliruka ukaguzi huo. Inawezekana kuruka, ila usimwambie mteja kwamba ni orijino wakati Microsoft wenyewe hawaitambui mashine hiyo.

Leseni je? Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika slmgr /xpr. Ikaja tarehe ya kuisha. Kwenye kompyuta ya nyumbani hiyo ni dalili ya ujanja wa KMS, leseni ya maofisini inayodumu siku 180 na kujihuisha kimyakimya kabla hazijaisha. (Isipotoa tarehe usishangilie, kuna kraki (ujanja wa kukwepa leseni) nyingine hazionyeshi.) Kwenye Windows Security, sehemu ya Exclusions, nikakuta folda nzima imezuiwa isikaguliwe. Programu za namna hii zimewahi kubeba wezi wa nywila, kwa hiyo mjomba kabadilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia simu, si kwa mashine ile.

Na elfu sitini ya nini hasa? Faili la kusakinishia linapakuliwa bure Microsoft, flashi ya GB 8 inatosha. Kama mashine iliwahi kuwa na Windows 10 halali, ukirudishia toleo lilelile inajiamilisha yenyewe ikipata intaneti, maana leseni imefungwa kwenye ubao mama. Fundi mwaminifu anakutoza ufundi wake, basi, tena anakuuliza mafaili yako yako wapi kabla hajagusa diski.

Ukilazimika kuiacha dukani, piga picha ukurasa wa Memory (unaoonyesha RAM) kwenye Task Manager mbele ya fundi, na namba (serial) ya diski. Ukiweza, toka na diski yako.

RAM wameirudisha baada ya kelele. Elfu sitini bado wanamzungusha, kila siku "bosi hayupo".